Kopo Ambalo Halikuoshwa

Wagga Wagga, 9 Septemba

Wifi yangu Lorelle,

Huku sote wazima. Ndege wameanza kulinda viota na kutudonoa, kwa hiyo mtaa mzima unatembea na makopo ya aiskrimu kichwani, yamechorwa macho kwa nyuma ili ndege wadhani tunawaona.

Kitabu cha watoto ninachokiandika kilikuwa kimenikwama. Kila sura niliyomsomea Tilly wetu, alinitazama kama namsomea bei za matairi. "Mama, hapa unajichekesha mwenyewe," akaniambia. Tangu tumzike kaka yako mwezi wa nne, mtoto hakuwa amecheka hata mara moja, na mimi nilikuwa nakwepa kumtaja baba yake.

Jana nikaifuta sura ya nne yote. Nikamweka ndani mwalimu mkuu mmoja anayeendesha baiskeli, ndege anamfukuza, na kopo alilovaa hakuliosha, mabaki ya aiskrimu ya stroberi yanamchuruzika shingoni.

Tilly alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Huyo ni Baba," akasema. "Na alituambia eti ni jasho."

Kisha akauliza kama na sura ya tano Baba yumo. Nikamwambia yumo mpaka ukurasa wa mwisho.

Nakukumbatia,
Wifi yako Maren