Kamba ya Kiatu Ndani ya Tangi

Tarehe 3, mwezi wa pili

Shemeji yangu,

Basi nilipoishia ni pale dereva wa lori alipopiga honi, nikamrushia barua haijaisha. Nilikuwa nakupa habari ya Mama Redio. Lakini kwanza, umeamkaje huko? Kifua chako na hilo vumbi la saruji mmepatana? Sisi wazima, na nikisema sisi ni mimi na kuku mmoja. Simu haishiki kambini kwenu, ndio unanishikisha kalamu na darasa langu hili la tatu. Mwandiko usiucheke.

Sasa Mama Redio, huyu jirani yangu wa ukuta mmoja. Watu wanasema yeye redio, mimi betri. Alikuja kuniona, akakaa, akanyamaza. Nikajua kuna jambo, maana yule kunyamaza si kazi yake. Akaniuliza, "Jirani, maji yanamwagika wapi humu ndani?" Nikamwambia hayamwagiki. Akasema, "Mimi nayasikia tangu mlipozika."

Ndipo na mimi nikayasikia. Choo, shemeji. Tangi linajaa halijai, maji yanachuruzika kwenye sinki la kukalia kutwa kucha. Miezi miwili na nusu, na mimi niliyemo humo humo sikusikia kitu.

Unamjua kaka yako. Mganga hajigangi. Vyoo vya mtaa mzima alizibua yeye, chake mwenyewe ukishavuta maji mpaka ulipige tangi ngumi mbili, pu pu, ndio linyamaze. Mimi nilikuwa nasahau, yeye akirudi kazini anaanzia huko, pu pu, hata kabla ya kunisalimia. Sasa amekwenda na ngumi zake. Nimelipiga mpaka mkono umevimba, halinisikii.

Nieleze nifanyeje. Kuita fundi siwezi, watasema mke wa fundi kaita fundi. Na lile sanduku la vyombo vya kazi la marehemu baba mkwe, ulilolitaka ulipofika baada ya maziko, liko pale pale mlangoni. Siku ile nilikwambia chukua, ukanitazama, ukaliacha. Basi lichukue. Mimi nikiliangalia naona sanduku tu.

Wanasema pia sijalia. Kweli sijalia. Unajua ile sindano ya kung'olea jino? Naona kama walinichoma mwili mzima, jino wakaenda nalo, ganzi ikabaki. Hainiumi, usiwe na wasiwasi. Nakupa habari tu.

Mimi mke wa kaka yako

*

Tarehe 17, mwezi wa pili

Shemeji mwenye maneno,

Barua nimeipata. Huku wazima, kifua kinakohoa lakini kazi inakwenda. Kuku nisalimie.

Sikiliza. Usiguse kitu kabla hujaujua ugonjwa. Fungua kifuniko cha tangi ukilaze chini juu ya kitambaa, maana kikidondoka ndio basi. Angalia maji. Kama yanapanda mpaka yanaingia kwenye lile bomba lililosimama katikati, basi boya, lile linaloelea, liko juu mno, lishushe. Kama hayafiki pale, tia bluu ya kufulia ndani ya tangi, ukae nusu saa bila kuvuta. Ukiikuta bluu chini kwenye sinki, ujue ule mpira unaoziba tundu la chini haukai sawa. Ama una uchafu, ama umechakaa, ama kinachouvuta ni kifupi, kinaushikilia juu. Kabla hujaingiza mkono funga koki ya ukutani. Taratibu, koki ya zamani ina mifupa ya mzee.

Sasa sanduku. Neno la baba unalijua: sanduku halilali kwenye nyumba isiyo na mkono wa kazi. Alipofariki lilikwenda kwa kaka kwa sababu mimi wakati ule nilikuwa nauza viatu. Sasa zamu yangu. Huku tunajenga nyumba arobaini, kila nyumba vyoo viwili, na spana zangu zimekwisha meno. Dereva atalipitia tarehe kumi, mwezi wa nne. Mpaka hapo usimwazime mtu hata bisibisi.

Na siku ile niliacha kulichukua kwa sababu ulinipa kama mtu anayetoa takataka. Sikuweza kulibeba hivyo.

Shemeji wa mbali

*

Tarehe 6, mwezi wa tatu

Shemeji wa mbali,

Kuku salamu amezipata na ametaga. Vipi kikohozi? Kunywa maji ya moto, usijitie ujana.

Bluu nilitia pakiti nzima, wewe hukusema kiasi. Nikapindua ndoo, nikakaa juu yake, naangalia sinki. Haikufika hata nusu saa, ikaanza kushuka, mstari, mstari, kama wino. Mara Mama Redio huyo, kaingia bila hodi, akatazama sinki, akanishika mkono. "Jirani, umeanza lini kukojoa hivi?" Nimemweleza mpaka koo limekauka. Jioni ile watu wanne walinijia na pole ya figo.

Nikafunga koki, nikaingiza mkono. Mnyororo wa kuuvuta mpira hakuna, shemeji. Kuna kamba ya kiatu. Ya kahawia, imepigwa fundo lile la kaka yako la kuzungusha mara tatu, na imekaza. Imezidi kukaza upana wa kidole tu, mpira haushuki ukakaa.

Nikakumbuka kiatu chake cha kushoto. Alikuwa anakifunga kwa waya wa umeme. Nilikuwa namwambia, fundi mzima huoni haya, kamba iko wapi? Ananijibu, "Kamba iko kazini." Miaka minne ananijibu hivyo, mimi najua ni utani wake.

Nikasubiri nilie. Nilisema hapa sasa nitalia. Mkono uko ndani ya tangi, maji ya baridi, nasubiri. Nikasikia baridi tu.

Basi nikafungua sanduku. Ulisema nisimwazime mtu, na mimi sikumwazima mtu. Nikatoa koleo ndogo nikalegeza fundo, nikausugua mpira kwa kitambaa, ulikuwa na utelezi kama bamia. Kamba nikaifunga upya na nafasi ya kidole. Nikafungua koki. Likajaa, likakata lenyewe. Nyumba ikawa kimya mpaka nikaisikia saa ya ukutani ya Mama Redio.

Lakini bado naligonga. Navuta maji, pu pu, mkono unakwenda wenyewe.

Sasa Mama Redio naye choo chake kimeziba, kimejaa mpaka ukingoni, na ananiangalia mimi. Nifanyeje?

Mimi mke wa kaka yako

*

Tarehe 22, mwezi wa tatu

Shemeji,

Salamu nyingi. Kikohozi kimepungua, maji ya moto nimekunywa, usiseme sisikii.

Kwanza mwambie asivute tena. Kila mtu choo kikiziba anavuta tena, ndio wanaogelea. Mngoje maji yashuke kidogo. Ndani ya sanduku, chini kabisa, kuna ule mpira wa kuzibulia wenye mpini. Maji lazima yaufunike, ukikandamiza hewa tupu, haifanyi kazi. Sukuma polepole, vuta kwa nguvu, mara ishirini. Ikishindikana, tia waya wa kuzungusha. Zile dawa kali za kumimina muachane nazo, zinakula mabomba.

Ile kamba. Baba alituchapa wote wawili kwa fundo hilo. "Acha nafasi ya kidole." Mimi nikajifunza kuacha nafasi, kaka akajifunza kupiga ngumi. Barua yako niliisoma nje, peke yangu.

Tarehe kumi usisahau. Nimeshamwambia msimamizi kwamba vyombo vya baba vinakuja.

Shemeji wa mbali

*

Tarehe 14, mwezi wa nne

Shemeji,

Natumaini u mzima. Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema alibisha hodi mpaka akachoka na mlango umefungwa. Halafu akasikia maji yanavutwa ndani, na mtu akaligonga tangi mara mbili.

Dereva si mtu wa kuota mchana.

Shemeji wa mbali

*

Tarehe 29, mwezi wa nne

Shemeji yangu wa mbali,

Salamu zangu zipokee hata kama umekasirika, na kikohozi unieleze. Kuku ana vifaranga sita.

Nilikuwemo. Nilikuwa chooni, nimejifungia, nimelikalia sanduku lako. Nikaona dereva atanisikia ninavyopumua, nikavuta maji yanifiche. Mkono ukagonga. Mimi mwenyewe nilicheka, huku namsikia anasema, "Humu kuna mtu, humu kuna mtu."

Ngoja nikueleze mpaka mwisho. Choo cha Mama Redio nilikizibua. Kwa mpira, mara ya kumi na saba, kikatoa kitambaa chake cha kichwa, kile cha maua alichomsingizia wifi yake kuwa kamwibia. Unajua tena redio. Asiseme kitambaa kimepatikana, akasema mimi ndiye nimezibua. Kesho yake fundi cherehani wa kona akanijia, choo chake maji yanashuka bila nguvu. Wewe hukuwepo wa kuuliza. Nikachungulia kwa kioo chini ya ukingo wa sinki, nikaona vile vitundu vya maji vimeganda chokaa. Nikavilowesha siki usiku kucha, asubuhi nikatoboa kimoja kimoja kwa waya. Fundi cherehani alivuta maji mara tatu, anafurahia kama mtoto.

Kosa nimefanya moja. Sinki la nesi wa mtaani kwetu lilikuwa linacheza ukilikalia, nikakaza parafujo za chini. Nikakaza, nikaona niongeze kidogo iwe kwa usalama. Likalia ta. Ufa kuanzia chini mpaka ukingoni. Nikamwomba radhi, na wiki hii nzima anakuja chooni kwangu na taulo lake. Kumbe lile ni udongo wa kuchoma, linakazwa kwa vidole vya kumfunga mtoto nepi. Kaka yako angeniambia. Nilirudi nyumbani nina hasira naye. Hasira kabisa, shemeji, kwamba kwa nini hakuniambia. Nikaligonga tangi kwa ajili yake, si kwa ajili ya maji.

Sasa neno la baba. Sanduku halilali kwenye nyumba isiyo na mkono wa kazi. Mkono upo. Umepasua sinki la nesi, lakini upo. Najua una vyoo themanini na spana zisizo na meno, na mimi nina vyoo vya mtaa mmoja. Kwa hiyo sikunyang'anyi. Njoo mwenyewe, usimtume dereva. Ukae, ule, uangalie fundo langu kwenye tangi. Ukisema bado ni lako, nitakubebea mpaka kwenye lori. Ila safari hii sitakupa kama takataka. Safari hii nadhani itaniuma, na hiyo ndiyo habari yenyewe niliyotaka kukwambia tangu mwanzo wa barua, nikaanza na kuku.

Ukija uje na zile

Subiri. Kuna mtu mlangoni anaita, "Fundi yupo? Fundi, tusaidie, maji yamefika sebuleni."

Nimemngoja kaka yako aitike.

Anaita tena. Shemeji, ni mimi anayeniita. Ngoja nibebe sanduku