Hata Jiwe Linashuka

Jumapili. Upepo wa leo unakata masikio, jua lipo la mapambo tu.

Nina miaka sabini na ushee. Wajerumani nimewaona wakija na wakienda, Waingereza vilevile. Ndui nimeipita, nzige nimewapita, wake wawili nimewazika. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema hakuna mzee mwenye mkono kama wangu. Kwa hiyo haya naandika mwenyewe, sijamtuma mtu.

Nimesema uongo.

Jumamosi ya juma lililopita timu ya kijiji chetu ilikuwa icheze Ilemba, huko chini bondeni. Lori halikuja. Katibu akasema tuahirishe. Mimi ndiye mlezi wa timu, nikakataa. Nikawaambia ujana wangu nilibeba mizigo hadi Kipili ziwani na kurudi, kuchoka sikujui. Tukashuka mteremko wote kwa miguu tangu alfajiri, mimi na fimbo yangu mbele. Kufika, vijana wakaomba wakae kidogo. Nikasema hapana, jua linaenda.

Wakati wa mapumziko Gaudensi, beki wetu, akanifuata. Mapaja yanamtetemeka, nayaona.

"Babu, miguu hainisikii."

"Kushuka nako ni kazi? Hata jiwe linashuka."

Wenzake wakacheka. Akarudi uwanjani.

Tangu hapo kila akiruka na kutua, goti linaingia ndani, kama mlango uliolegea bawaba. Niliona nikanyamaza. Mara ya mwisho alitua kwa mguu mmoja, goti likapinda, mlio nikausikia pale nilipokaa.

Hakuna aliyemgusa.

Mimi nikapaza sauti kwamba kapigwa teke na namba tisa wa Ilemba. Nikaapa. Mzee akiapa, nani atambishia?

Leo baada ya misa nimeenda kumwona. Goti limevimba kama boga. Mganga wa zahanati kamwambia msimu huu asahau jembe, na mpira huenda ndio basi. Mkewe kaniamkia vizuri, kaniletea kiti. Afadhali angenitukana. Na vijana wetu wanachonga marungu, wanangoja Ilemba wapande Jumamosi kurudiana, wamvunje yule namba tisa.

Gaudensi kaniambia polepole, "Babu, nimenyamaza kwa sababu ni wewe. Yule kijana hakunigusa."

Mimi mteremko wote nilishikiliwa na fimbo. Wao walijizuia kwa mapaja yao tu, yakafika uwanjani yamekwisha. Hilo nimelijua leo, na uzee wote huu.

Kesho kwenye mkutano nitasimama kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, niseme kweli. Ilemba waje Ijumaa, walale kwangu, miguu yao ipoe ndipo wacheze.

Nikigeuka, aulizwe Gaudensi. Oresti naye aulizwe, golikipa wetu, alikuwa karibu, aliona yote. Na namba tisa mwenyewe, ambaye hata jina lake sikuuliza.