Batri ya Korali

Jumatano, 6/8/2025
Tumeshuka mto hadi Yanonge. Baleinière ya Papa, boti ya mbao, ina alternateur moja, ndogo, ya kuzalisha umeme, na leo imelisha batri sita: moja ya kuwasha moteur, mbili za taa, tatu za watu wa kijiji wasio na courant nyumbani. Tonton Noël, fundi wetu, amesema ni nyingi, hakuna itakayojaa. Papa: "Hawa ni ndugu, Noël. Nikatae namna gani?"
Kazi yangu ni ufunguo mwekundu. Moteur ikizimwa, ninauzungusha, batri ya kuwasha inabaki peke yake. La sivyo zile tupu zinainyonya. Tulisoma hiyo shuleni, kwenye physique. Nilijua jibu, sikunyoosha mkono.

Alhamisi, 7/8
Eddy wa korali ya Isangi amepanda na batri yake. Jumapili wana sikukuu, ampli yao ya muziki iko kimya. Tonton Noël amemkatalia, nafasi imeisha. Basi akanifuata mimi, kule nyuma. "Orpha, dada, wewe iko na roho muzuri. Kidogo tu."
Kumkatalia mtu usoni — siwezi. Nimefunga pince zake, vile vibanio vya waya, juu ya batri ya kuwasha yenyewe, bila kupitia ufunguo.
Jioni tumefika Isangi. Nimezungusha ufunguo kama kawaida. Eddy amesema atachukua batri yake kesho. Nilijua ni vibaya. Nimeitika tu.

Ijumaa, 8/8
Moteur haiwaki. Tk. Tk. Basi.
Eddy alishapita alfajiri, akafungua pince zake, akanishukuru. Batri yake imenyonya yetu usiku mzima.
Papa amemgombeza Tonton Noël mbele ya abiria: amefunga câble vibaya, macho yamezeeka. Noël: "Patron, câble iko sawa. Jana iliwaka." Papa: "Donc batri imejikunywa yenyewe?" Abiria wakacheka. Mimi nilikuwa mita mbili kutoka hapo.
Saa nane mchana ndipo boti nyingine ikatuazima batri. Samaki wabichi wa abiria wetu mama Marthe, beseni tatu, wameharibika. Hiyo pia ni mimi.

Jumamosi, 9/8
Tumefika Lubunga. Papa amemwambia Tonton Noël ashushe godoro lake, kazi imeisha. Miaka sita na moteur hii! Nimefungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu Papa ameniuliza kama nina njaa.
Noël amekunja godoro, halafu amechuchumaa karibu yangu, sauti ya chini: "Mutoto, meno ya pince inaacha alama juu ya kichwa ya risasi ya batri. Niliona tangu jana. Usimufungie mutu tena juu ya batri ya kuwasha. Mwenye atakuja nyuma yangu hatajua kuangalia."
Basi. Hakuniuliza kitu.
Papa amepita sasa hivi, anataka kujua naandika nini. Nimesema: physique.
"Bon. Angalau mutu moja humu iko anajifunza."
Tonton Noël yuko katikati ya ubao wa kushukia, godoro kichwani. Ubao unayumba, anaenda polepole. Nikiita kutoka hapa atasikia, na Papa pia —