Baba, Usiwashe Mashine ya Msasa

Baba,

Usiwashe mashine kwanza. Karatasi ya msasa imechanika, na aliyeichana ni mimi. Waya nimeuchomoa. Kabla hujabandika karatasi mpya, kwangua gundi yote ya zamani kwenye sahani inayozunguka. Na uvae barakoa, hata kama kazi ni ya dakika moja.

Ulipokwenda kuchukua mbao, alibisha hodi mama mmoja nisiyemjua, ameshika mkongojo wa mumewe. Kichwa cha mkongojo kimetoa vibanzi vinavyomchoma mzee kwapani, na asubuhi hii anatakiwa hospitali. Nikamwambia fundi hayupo. Akasema, "Kwani mtoto wa fundi hashiki msasa?"

Nikawasha mashine, Baba.

Nikauegemeza mkongojo upande wa sahani unaopanda badala ya ule unaoshuka. Mkongojo ukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, ukavunja kikombe chako. ~~Nisamehe sana.~~ Kilikuwa na ufa tangu zamani. Miaka minne ya chuo, na kulia na kushoto bado vinanishinda, cheka tu. Mara ya pili nikashika upande unaoshuka, taratibu, bila kukandamiza. Karatasi ilichanika nikimalizia, lakini kichwa sasa ni laini kama shavu la mtoto.

Nilimwahidi mama yule, aliyerudi kumwandaa mzee, kuufikisha kwao mimi mwenyewe saa tatu. Usaili wangu wa kazi nao ni saa tatu. Nimewapigia simu, wamesema anayechelewa hana nafasi.

Nimevua viatu vya usaili, nimevaa ndala. Natoka sasa na mkongojo.

Kitinda mimba wako