Sura Yangu kwenye Chai ya Nadine

Jumatatu, 8 Januari

Nimepanda tena kwa miguu. Kutoka Cimpunda mpaka shule, mlima mtupu. Nilisimama kila kona nikijidai natazama ziwa. Wanafunzi wangu wakanipita. "Bonjour, Madame." Sina pumzi ya kujibu.

Asubuhi: yai, kiazi kitamu, chai bila sukari. Chai bila sukari ni adhabu. Kidonge cha tension, cha kushusha presha, nimemeza.

Namchukia Nadine. Naandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kusema. Ni mdogo wake bwana yangu. Aliniuzia ile chai yake ya kupunguza mwili, pakiti nyekundu. Nilikunywa Desemba yote. Siku ya Noeli, kule Mudaka kwa mama mkwe, moyo ulianza kukimbia kama unafukuzwa. Mikono ikatetemeka. Nikaanguka kando ya sufuria, nikaamkia hospitali ya Katana. Nilimwambia Nadine kitandani palepale: ni chai yako. Akasema nilikunywa vibaya.

Halafu juzi, picha yangu kwenye statut ya simu yake, wote wanaiona. Mimi na kikwembe, kile kitenge cha njano, nimeinama, imepigwa kutoka nyuma. Chini ameandika: KABLA. Hakuniomba. Mwalimu mwenzangu alinionyesha huku anang'ata midomo asicheke.

Atanitambua. Sijui bado namna gani.

Jumapili, 14 Januari

Mudaka, baada ya misa. Nadine ndiye aliyepakua. Wengine sahani za kawaida. Mimi kilima cha bugali, na sombe, majani ya muhogo, inaogelea kwenye mawese.

"Kula, Yaya. Usije tena kutuangukia."

Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo anavyoniita mbele ya watu. Wakacheka. Bwana yangu, Papa Asifiwe, akatazama sahani yake.

Nilimega bugali kidogo, kama ngumi ya mtoto. Nyingine nikaiacha. Mama mkwe hakupenda. Kwake mwanamke akikonda ni aibu ya bwana, watu watasema mwanawe hamlishi. Nikamsogezea maji. Ni mama.

Njiani nilimwambia Papa Asifiwe kwamba kimya chake kinaniuma kuliko maneno ya dada yake. Akageuza macho barabarani.

Nimekata shauri. Nitapungua. Polepole, kwa njia ya hospitali. Nadine akose pa kuweka macho.

Ijumaa, 2 Februari

Katana. Docteur Noëlla anasema tension imeanza kushuka. Sukari bado. Ameongeza kidonge kingine, cha kumeza pamoja na chakula. Mizani imeshuka kidogo sana. Nilitaka kulia. Akasema kidogo ndicho anachokitaka, kinachoshuka mbio hupanda mbio. Amenikataza kukaa na njaa. Maharagi, mboga ya lenga-lenga, samaki wadogo wa sambaza wa kuchemsha badala ya kukaanga. Kutembea. Kulala mapema. Basi. Hakuna uchawi.

Nilimpelekea pakiti zilizobaki. Alizifungua. Katikati ya majani kuna unga mweupe. Mimi si wa kwanza, amesema. Atazifikisha kwa wakubwa wa afya, lakini hao hawana haraka.

Akauliza kwa nini nataka kupungua. Nikasema kweli: nataka mtu mmoja apasuke.

Hakucheka. "Hasira itakupandisha mulima, maman. Kupika kila siku, ile haijui."

Nimeudhika. Hasira yangu inajua kupika.

Jumatano, 20 Machi

Vibaya. Mkutano wa walimu. Mandazi ya moto, sucré baridi ya chupa. Nilikula mpaka vidole vikang'aa mafuta. Hakuna aliyenilazimisha.

Na pale bomba la maji wanawake wanasema nina ule ugonjwa wa kukondesha. Wengine wanasema Papa Asifiwe ana mke wa pili na chakula kinaenda kule. Ukiwa mnene wanakucheka. Ukipungua wanakuzika.

Nimelia kidogo. Kesho napanda tena.

Jumamosi, 15 Juni

Fundi amekaza nguo zangu mbili. Napanda mpaka shule bila kusimama. Nilikuwa na furaha, kweli.

Mchana, Nadine. KABLA ile ile, na pembeni yake: BAADA. Mimi tena, natoka kanisani Jumapili iliyopita, nacheka. Chini: "Wifi yangu mwenyewe. Pakiti nyekundu." Mikono ilinitetemeka, na safari hii sikuwa nimekunywa kitu.

Jioni amekuja mwenyewe, na kikwembe kipya chini ya kwapa. Anafungua boutique ya chai yake Jumamosi ya kwanza ya Julai. Anataka nishike mikro, nitoe ushuhuda. Ni mambo ya familia, tusaidiane. Nilimpa kiti. Nilimpa maji. Nikakubali. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alipoondoka Papa Asifiwe akaniuliza nitasema nini.

"Kweli."

"Ni dada yangu."

"Najua."

Akatoka, akakaa kwenye ngazi.

Nadine amenipa mikro kwa mkono wake. Natembea nyumbani nikijisemea maneno yenyewe. Nayapunguza, nayanoa. Nataka yaingie bila kelele.

Alhamisi, 4 Julai

Nimefika Mudaka asubuhi na unga wa mama mkwe. Nilimkuta amekaa chini mlangoni mwa jikoni. Jasho linamtoka, na huku kuna baridi ya kiangazi. Mikono inatetemeka. Niliijua ile mikono.

Mezani, pakiti nyekundu. Nadine alimpa. Mwili ukipungua magoti yatapona, alimwambia. Mama hakutaka kwanza. Ndipo Nadine akamwonyesha simu.

"Niliona wewe umependeza," mama akaniambia.

Yaani ni sura yangu iliyomnywesha. Na mimi tangu Juni nimeyakalia maneno, nayatunzia Jumamosi.

Pakiti nimetia mfukoni. Tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Katana, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Moyo wake niliusikia mgongoni kwake kama ngoma. Docteur Noëlla amemlaza, amemtundikia serumu. Tumewahi, amesema. Atapona.

Nadine alifika anakimbia, wigi imekwenda upande. Alinivuta kwenye korido.

"Yaya, usiambie kaka. Kwako nilifikiri ilikuwa tu bahati mbaya."

"Nilikuambia nikiwa kwenye kitanda, hapa hapa. Ulinisikia."

Akalia. Nilimtazama akilia. Sikumshika mkono. Kaka yake nilikuwa nimekwisha kumpigia simu. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba Jumamosi nitakuja.

Jumamosi, 6 Julai

Asubuhi Nadine akampigia kaka yake. Watu wamealikwa, hawezi kuwarudisha. Mama anaendelea vizuri. Mimi Furaha ninyamaze, ya nyumbani yabaki nyumbani. Papa Asifiwe alinieleza yote, neno kwa neno, huku anafunga vifungo vya shati. Nilimngoja. Nilifikiri sasa ataniomba.

"Nimefikisha," akasema. "Vaa, tutachelewa."

Viti vya plastiki, muziki, wanawake wengi kuliko nilivyofikiri. Picha zangu mbili zimechapwa kubwa kwenye turubai juu ya mlango. Makalio yangu yanatazama barabara. Nadine aliponiona akafanya ishara muziki upandishwe. Papa Asifiwe akaenda kwa kijana wa muziki, akamwinamia sikioni. Muziki ukakatika.

Nikashika mikro. Nikasema huyu wa KABLA ni mimi. Alikunywa pakiti nyekundu akaanguka Noeli. Huyu wa BAADA ni mimi vilevile. Huyu ni dawa za hospitali, na lenga-lenga, na mlima wa Cimpunda kila asubuhi, na siku nyingine kushindwa na kuanza upya. Pakiti haimo. Na mama aliyemzaa Nadine amelala Katana kwa chai hii hii. Aliyekunywa na moyo wake unakimbia, aende hospitali, asingoje kesho.

Mwanamke mmoja wa mbele akaweka mkono kifuani. "Wangu pia unakimbia," akasema, taratibu, kama anaomba radhi.

Wakaanza kurudisha pakiti. Waliinuka mmoja mmoja, wanaweka mezani, wanatoka. Nadine amesimama nyuma ya meza, zinarundikana mbele yake. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa anangoja atukanwe, niliona. Wakamnyima hata hiyo.

Turubai nimeishusha mwenyewe. Nikaikunja, nikaiweka kwapani. Yule mwanamke tukampeleka hospitali, mimi na dada yake.

Ilikuwa tamu. Wengine watasema sikupaswa kufurahi. Nilifurahi. Nimekula vizuri, na nitalala.

Jumapili, 21 Julai

Mudaka. Mama mkwe ametoka hospitali wiki hii. Boutique imefungwa, watu wa afya walikuja kuchukua makarto ya chai. Yule mwanamke amenitumia salamu kwa dada yake, anaendelea vizuri.

Nadine analala hapa, anamtunza mama yake. Picha ameziondoa. Aliniamkia macho chini. Sijamsamehe. Aliuliza mafuta kiasi gani kwenye lenga-lenga, nikampimia kwa kijiko. Tulimenya viazi, yeye upande wake, mimi wangu.

Mizani mwezi huu haikushuka. Docteur anasema mwili unapumzika, niendelee vilevile. Sawa.

Jua lilipopungua mama mkwe akataka kutembea. Alimpita Nadine, akaja kunishika mimi mkono. Tulikwenda katikati ya migomba, pole pole. Anasimama, nasimama. Anapumua, nangoja. Tulifika barabarani. Tukakaa kwenye jiwe, malori yanapita, vumbi linakaa juu ya majani.

Akainuka wa kwanza. Tukarudi.