Neno Nililomwita Mama

Roubaix, Jumapili, 22 Julai 1934

Kaka yangu Achille,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, zikufikie kambini Belfort ukiwa na afya. Kikohozi kimekuacha? Na viatu vya jeshi, bado vinakuchubua? Sisi tu wazima. Mama anakwenda kiwandani kila siku kuchomoa mafundo kwenye vitambaa vya sufu, na jioni huloweka miguu katika maji ya chumvi. Paka wa Bi Zulma amezaa tena, safari hii ndani ya kikapu chetu cha makaa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nashukuru uliiandika kwa jina langu, kwani Mama hakuiona. Unasema huwezi tena kumwoa Marcelline, kwa sababu mama yake, Bi Zulma, alimdhihaki mama yetu mbele ya majirani hata akashindwa kuja kunitazama nikipokea tuzo. Unasema wiki hii utamwandikia Marcelline kuvunja uchumba. Nakusihi, kaka, usiitie barua hiyo posta kabla hujaisoma hii mpaka mwisho.

Kwa ajili ya siku ya tuzo katika shule yetu ya parokia Mama alijinunulia kofia. Unajua kwamba katika ua wetu hakuna mwanamke anayevaa kofia. Wanatoka vichwa wazi au na mtandio. Ilikuwa nyeusi, ya mtumba, yenye utepe wa zambarau. Asubuhi ile aliivaa akasimama uani karibu na pampu ya maji, akawauliza wenzake kama imekaa sawa. Bi Zulma aliweka ndoo chini, akamzunguka mara mbili, akasema imempendeza, ila aivutie kushoto kidogo, la sivyo paroko atadhani ni mke wa meya na kumpa kiti cha mbele. Wote walicheka, Mama akiwa wa kwanza. Kicheko kile hakikuwa na ubaya wowote.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiwaza juu ya mama zao wasichana wa darasani kwetu, mke wa daktari na mke wa mthibitishaji wa hati, na glavu zao. Mwezi wa tano Bi Mwalimu Carlier alitufundisha neno bourgeoise. Nililiandika vizuri daftarini: mwanamke wa tabaka la wenye nafasi, ambaye si kabaila wala si kibarua, mwenye mtumishi na siku yake maalumu ya kupokea wageni. Nilipewa kumi juu ya kumi. Sikuandika kwamba wanaume wa viwandani nao huwaita wake zao hivyo, kama marehemu Baba, ambaye kila Jumamosi alisimama mlangoni akiuliza bourgeoise wake yuko wapi. Nililijua hilo. Niliona tu kwamba si jambo la kuandikwa daftarini.

Kaka, si Bi Zulma aliyemdhihaki Mama. Ni mimi. Nilisema mbele ya wote, "Mama, unajifanya bourgeoise. Wenyewe watakuwepo pale, na watajua."

Pampu ikaacha kulia. Mama akasema polepole, "Baba yako aliniita hivyo miaka kumi na tisa, na sikuona mtu akinicheka."

Akavua kofia, akaingia ndani. Nilikwenda peke yangu. Niliitwa mara tatu jukwaani, nikapewa vitabu vitatu, na Bi Mwalimu aliponiuliza mama yangu yuko wapi, nilisema anaumwa. Jioni Bi Zulma alinikuta ngazini akaniambia, "Wewe msomi, nenda kamwombe mama yako radhi kabla hujapanda darasa jingine." Nilichukia kuambiwa ukweli. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya kwanza, nikamtwika yeye kosa langu. Sikujua kwamba Marcelline ndiye angelilipia.

Leo baada ya misa nimemsomea Mama barua yako, kisha hii yangu, mpaka hapa. Alisikiliza huku akimenya viazi. Nilipomwomba radhi aliniachia nafasi kwenye benchi, nikaketi tukamenya pamoja. Baadaye akaniambia niongeze maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie sihitaji kulipiziwa kisasi. Nahitaji mkwe."

Ukiwa na hasira nami, nitaipokea, naistahili. Usinijibu mimi kwanza. Mwandikie Marcelline. Kila postamani anapopita, Marcelline huja mlangoni kwetu kuulizia barua yako, na tangu Alhamisi siwezi kumtazama usoni.

Mama anakubusu. Bi Zulma naye anakusalimu. Bado hajui lolote, na kesho nitakwenda kumweleza mwenyewe.

Mdogo wako asiyestahili lakini akupendaye,
Noémie