Fomu ya Upasuaji wa Mama Mwenda

Kiirua, Jumanne

Sijaandika tangu tulipochimba viazi, na sina udhuru wa maana. Uchovu tu. Naomba radhi.

Leo daktari wa Meru ametueleza waziwazi. Saratani ya utumbo aliyopasuliwa mke wangu, Mama Mwenda, mwaka jana imefika kwenye ubongo. Ndiyo sababu ya kuumwa kichwa na kusahau. Nami, miezi miwili mizima, nimekuwa nikimkaripia kwa kutia chumvi katika chai, nikidhani ni uzembe. Hilo linanichoma.

Wanaweza kuutoa uvimbe, kisha atibiwe kwa mionzi. Huenda akaongezewa miezi kadhaa. Huenda pia asiamke, au aamke bila usemi.

Mama Mwenda alisikiliza kwa utulivu, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

"Daktari, hiki ni kichwa, si boga la kupasua," alisema, na daktari akacheka.

Binti yetu Kawira akamuuliza, "Lakini wewe mwenyewe unataka nini, Mama?"

"Mngojeni Baba Mwenda atoke shuleni. Yeye ndiye huamua."

Baba Mwenda ni mimi. Nilistaafu ualimu zamani.

Shamba, shule za watoto, hata upasuaji ule wa kwanza, niliamua peke yangu. Sikuwahi kumuuliza. Sasa nataka kumuuliza, na yeye...

Fomu iko mezani, haijatiwa sahihi. Asubuhi huwa ananitambua kwa muda mfupi. Kesho nitamuuliza wakati huo. Tukishaamua, nitaandika hapa alivyojibu.